Mgeni Akishaondoka

Kila mwaka kuna vijana kutoka Ulaya na Amerika wanaoshushwa na basi kwenye vijiji vyetu, begi mgongoni, na kukabidhiwa kwa familia ambayo jana yake hawakuijua. Wanakaa miezi mitatu, sita au mwaka mzima, kisha wanaondoka wakilia. Vijana wetu pia, ingawa ni wachache zaidi, huifanya safari hiyo kutokea upande huu: wanatoka Unguja, Mombasa au Arusha na kwenda kuishi na familia ya mkulima au mwalimu katika mji mdogo wa Marekani ambao hata ramani inautaja kwa shida. Machozi ya kuagana hayapimi chochote, maana karibu kila mtu hulia. Cha kuuliza ni nini kimebaki mwaka wa kumi, au wa thelathini. Wapo wanaopigiana simu kila sikukuu, wanaojulishana misiba, wanaowaambia watoto wao kwamba wana bibi ng'ambo ya bahari. Wapo pia ambao hata namba ya simu hawana tena.

Waandaaji wa safari hizi wana jibu lao: inategemea mtu. Kijana mchangamfu atapendwa, mnyamavu atasahauliwa. Jibu hilo linawapunguzia lawama, lakini sioni kama linatosha. Nimewaona wachangamfu waliosahaulika mwaka haujaisha, na nimemwona mmoja mkimya kabisa ambaye mpaka leo harusi haipangwi katika ile nyumba bila yeye kuarifiwa. Nadhani tofauti iko kwenye madai. Urafiki wa namna hii hudumu pale ambapo, mgeni akishaondoka, mwenyeji bado ana haki ya kumdai kitu, na mgeni naye bado anaona ana cha kudai katika nyumba ile. Madai yakizuiwa, au yakiwa ya upande mmoja tu, kinachobaki ni picha.

Wazo lenyewe la kumlaza kijana wa kigeni nyumbani kwa watu si la jana. Mwaka 1932 Mmarekani Donald Watt alichukua vijana wa kwao akawapeleka Uswisi kukaa kambini na vijana wa Ulaya. Kambi haikuzaa alichokitaka. Si ajabu, ukikusanya vijana kambini kila kundi hurudi kwa wa kwake jioni ikifika. Haikuchukua muda mpango wake, Experiment in International Living, ukaacha kambi na kuingia majumbani. Mmoja wa vijana wake waliokwenda Ujerumani mwaka 1934 alikuwa Sargent Shriver, ambaye mwaka 1961 alipewa kazi ya kuanzisha Peace Corps. Kwa hiyo yule mwanafunzi wa Peace Corps anayelala kwa familia ya Muheza au Morogoro wiki zake za kwanza, akijifunza Kiswahili jikoni, anafuata njia iliyofunguliwa baada ya kambi ya Uswisi kushindwa.

Ila mpango ulionifikirisha kuliko yote ni ule usiotajwa sana huku kwetu. Mwaka 1948, Ulaya ikiwa bado inaokota matofali ya vita, klabu za vijana wa vijijini Marekani zinazoitwa 4-H zilianzisha International Farm Youth Exchange. Vijana 17 walivuka bahari mwaka huo kwenda kuishi na familia za wakulima. Hawakwenda kujenga kisima wala kufundisha mtu. Walikwenda kukamua ng'ombe wa watu wengine, kuvuna nyasi za watu wengine na kula mezani pa watu wengine. Vijana wa Ulaya nao wakaanza kwenda Marekani. Mkulima hahitaji mkalimani ili kujua kama mgeni anaweza kazi au hawezi. Siku mbili zinatosha.

Kuna kipengele kimoja katika mpango huo ambacho waandaaji wa leo wangefaa kukitazama upya. Kijana alikuwa na kazi baada ya kurudi. Alitarajiwa kuzunguka jimboni kwake na picha zake za slaidi, kanisani, shuleni, kwenye klabu za wakulima, akiwaeleza watu kuhusu familia alizoishi nazo. Mtu anayemweleza mama yake wa Norway au wa India mbele ya ukumbi, mara ishirini au hamsini, hawezi kumsahau upesi. Isitoshe, atataka habari mpya za kueleza, kwa hiyo atamwandikia. Waliopitia huko wana vyama vyao mpaka leo na hukutana kwenye mikutano ya kimataifa, wengine wakiwa wazee wanaotembea na mkongojo. Mkondo huo wa 4-H ulifika hata Kenya: klabu za 4-K, yaani Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, zilianza mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa kufuata mfano wake, zikafifia, na mwaka 2021 serikali ikazifufua mashuleni.

Huku kwetu tunayo methali ya kuueleza mpango ule bila kuzunguka: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nyerere aliitumia katika andiko lake la Ujamaa la mwaka 1962 kusisitiza kwamba kila mtu afanye kazi. Lakini jembe lina faida ya pili. Linamwondolea mgeni cheo.

Hapo inabidi kumgusa Gordon Allport, mwanasaikolojia wa Harvard aliyeandika mwaka 1954 kuhusu chuki baina ya makundi ya watu. Alisema kukutana tu hakutoshi. Watu wakutane wakiwa na hadhi sawa, wakiwa na lengo moja, wakishirikiana, na wakubwa wao wakiunga mkono. Ukiisoma orodha hiyo haraka utadhani nyumba ya kijijini inafeli sharti la kwanza kabisa. Hadhi sawa gani kati ya kijana mwenye pasipoti ya Ujerumani na bima ya afya ya mwaka mzima, na mama anayelima robo tatu ya eka kwenye mteremko wa Lushoto?

Nenda ukawaone alfajiri. Binti wa miaka kumi na tisa amesimama bombani na ndoo ya lita ishirini. Mama mwenye nyumba amemfundisha kukunja khanga iwe ngata, lakini ngata inateleza kila anapoinama. Anajaribu kunyanyuka, maji yanamshuka mgongoni, ndoo inafika nyumbani nusu. Nyuma yake anakuja mtoto wa darasa la tatu na ndoo yake ndogo kichwani, bila kuishika, akila muwa. Jioni binti huyo huyo anashindwa kuwasha moto, anasonga ugali wenye madonge, anaulizwa kama kwao mama yake hakumfundisha. Kwa majuma kadhaa yeye ndiye mjinga wa nyumba. Anatumwa, anacheka na kuchekwa, anaambiwa "acha, utajikata". Cheo alichokuja nacho kinavuliwa bila yeyote kumtukana, na mama, ambaye kwenye kila ofisi ya wilaya huambiwa akasubiri nje, ndiye mwalimu. Usawa wa Allport unapatikana hapa kwa njia ya ajabu kidogo: mkubwa anakuwa mtoto kwa muda. Ndiyo maana wageni wanaopewa chumba chenye kufuli, chakula chao peke yao na dada wa kuwafulia, hata wakae mwaka, hawaachi kitu. Walikuwa wapangaji.

Hata hivyo tusiipake rangi hiyo nyumba. Waandaaji wakifika kijijini huuliza choo kikoje, paa ni la bati, kuna chumba cha ziada, mlango unafungika? Wanaopita mtihani huo ni mwalimu mkuu, mchungaji, mwenye duka, mwenyekiti wa kijiji. Kwa hiyo urafiki na "familia ya kijijini" mara nyingi ni urafiki na wenye nafuu wa kijiji, na majirani wanalijua hilo vizuri. Chumba cha ziada nacho si cha ziada. Ni cha watoto, na watoto wamehamia kwa bibi. Maji ya kuoga yanaongezeka, na anayeyachota ni binti wa nyumba mpaka mgeni azoee. Ripoti husema "familia ilimpokea", lakini aliyempokea ni mwanamke mmoja na mabinti zake, huku baba akitambulishwa kwa wageni.

Suala la posho linaingia hapo. Mipango mingi inayoleta vijana Afrika Mashariki huilipa familia kiasi fulani kwa ajili ya chakula. Marekani ni kinyume: familia inayompokea mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka wa kubadilishana hailipwi, ila sheria ya kodi inairuhusu kuhesabu mpaka dola 50 kwa mwezi kama sadaka iliyotolewa. Wapo wanaosema malipo huua urafiki, kwamba ukimlipa mwenyeji umemfanya kuwa mama wa hoteli. Siafiki. Familia ya Iowa ina friji lililojaa hata asipokuja mtu. Kwa mama wa kijijini mdomo mmoja zaidi kwa miezi sita ni madebe kadhaa ya mahindi, na kumwambia apokee kwa upendo mtupu ni kumtoza yeye gharama ya safari ya mwingine. Kinachoharibu ni posho kupita mkononi mwa baba na kuishia huko, au mama kupokea wageni mfululizo mwaka hadi mwaka kwa sababu choo chake ni kizuri. Mgeni wa kwanza ana jina la ukoo na picha sebuleni. Wa nane ni kazi. Mama mwenyewe hakubadilika. Amechoka tu kuanza upya na mtu anayejua tarehe yake ya kuondoka.

Sasa turudi kwenye madai, maana ndipo urafiki mwingi hufia. Karibu kila mpango humpa kijana onyo: usitoe fedha kwa familia, usiahidi kitu. Onyo hilo lina sababu nzuri. Kijana mmoja akinunua ng'ombe, wa mwaka ujao ataulizwa wake yuko wapi. Lakini akirudi kwao onyo linabaki kichwani, na siku simu inapoingia kutoka Lushoto ikisema dada anaolewa mwezi wa nane, kamati imekaa, wewe tumekuandikia laki moja, anashtuka. Anajiona ameombwa. Anajiuliza kama miezi yote ile alipendwa kwa ajili ya hii laki.

Mswahili yeyote anajua kilichotokea. Kadi ya mchango haitumwi kwa tajiri kwa kuwa ni tajiri; inatumwa kwa mtu wa nyumbani. Mjomba aliyefilisika Dar es Salaam ameandikiwa pia, na atatoa elfu ishirini, na jina lake litasomwa. Kuwekwa kwenye orodha ndiyo heshima, na kuachwa nje ndiyo tusi. Mgeni angeweza kutuma elfu thelathini na salamu, akawa amemaliza mambo. Badala yake ananyamaza, na ukimya wake unatafsiriwa kijijini kwa sentensi moja: amejisahau.

Upande wa pili wa shilingi ni ufadhili. Kijana anayemlipia mtoto wa nyumba ada huanza kwa nia njema, lakini uhusiano unageuka taratibu. Simu za mama zinakuwa za muhula, ripoti ya mtoto inapigwa picha na kutumwa, na mtoto akifeli nyumba nzima inaogopa kupiga. Hakuna tena anayemcheka mgeni kwa ugali wake wa madonge. Nchini Tanzania ada ya sekondari za serikali hadi kidato cha nne ilifutwa mwaka 2016, na ya kidato cha tano na sita mwaka 2022, jambo lililopunguza aina hii ya uhusiano, ingawa sare, nauli na mahitaji ya bweni bado vipo. Mchango wa harusi na ada ya miaka minne vyote ni fedha, ila mchango una majina mengi juu yake na zamu ya kila mtu inafika. Ada ina jina moja. Waliodumu, kwa kadiri ninavyowajua, ni wale walioingia kwenye orodha za wengi na kukwepa kuwa orodha peke yao.

Na haki ya kudai iwe kwa mgeni pia. Kijana aliyeachika na mchumba wake Bremen akampigia mama yake wa Lushoto usiku akilia, akaambiwa "mwanangu, njoo ukae hata mwezi", huyo amedai na amepewa. Ni jambo dogo, lakini tangu siku hiyo mama si mpokeaji tu.

Njia za mawasiliano zimebadilika mno, na si kwa faida moja kwa moja. Enzi za barua, bahasha ilipitia sanduku la posta la shule au la misheni, ikasomwa na kijana wa nyumba aliyejua kusoma, na majibu yakaandikwa naye huku mama akimtajia maneno. Kijana huyo akiolewa au akihamia mjini, urafiki ulikatika. M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, kutuma rambirambi kukawa kazi ya dakika kwa ndugu wa mjini, na walio ng'ambo wakajifunza kuipitisha kupitia kwao. Kisha ikaja WhatsApp, na ndani yake ujumbe wa sauti, ambao nauhesabu kuwa na maana kuliko picha zote. Mama asiyejua kuandika anazungumza mwenyewe, na jogoo wake anasikika nyuma.

Tatizo ni kwamba namba si sanduku la posta. Mwezi Januari 2020 laini ambazo hazikusajiliwa kwa alama za vidole nchini Tanzania zilianza kufungwa, na pamoja nazo zikapotea namba nyingi zilizokuwa zimehifadhiwa Toronto na Munich. Miezi miwili baadaye ikaja korona. Peace Corps iliwarudisha nyumbani wafanyakazi wake wa kujitolea duniani kote kwa mara ya kwanza katika historia yake, na weltwärts, mpango wa serikali ya Ujerumani ulioanza mwaka 2008, nao ukawaita wake. Vijana waliambiwa wafungashe haraka, na wengi hawakupata kuaga. Lakini baadhi ya urafiki wa mwaka ule umeshikilia kuliko wa miaka iliyoagana vizuri kwa ngoma na keki. Kuaga rasmi humpa mtu ruhusa ya kumaliza. Wale walioondoka bila kuaga walibaki na deni.

Mpango mwingine wa kutazamwa kwa karibu ni Canada World Youth, ulioasisiwa mwaka 1971 na Jacques Hébert, mwandishi na mchapishaji wa Québec, mtu mkaidi ambaye baadaye, akiwa seneta, alifunga kula kwa siku 21 mwaka 1986 kupinga kufutwa kwa mpango mwingine wa vijana alioupigania. Mpangilio wake ulikuwa huu: kijana wa Kanada anaunganishwa na kijana wa nchi rafiki, wawili hao wanaishi pamoja kwa familia moja ya mji mdogo wa Kanada, kisha wanahamia pamoja kwa familia moja ya upande wa pili. Kwa hiyo kila mmoja alikuwa mgeni na kila mmoja alikuwa mwenyeji. Aliyemcheka mwenzake akitetemeka na baridi ya Januari alichekwa naye miezi michache baadaye akihangaika na choo cha shimo. Serikali ya Uingereza ilitumia sehemu ya mpangilio kama huo katika International Citizen Service (ICS) mwaka 2011, vijana wa Uingereza wakiishi wawili wawili na vijana wa Tanzania au Kenya majumbani, lakini safari ilikuwa ya upande mmoja: Mwingereza alikuja, Mtanzania hakwenda. Miongoni mwa mipango yote ninayoijua, ule wa Hébert ndio uliokaribia zaidi haki. Umefungwa baada ya takriban nusu karne. Fedha za aina hii hutegemea serikali, na serikali hupenda kuona vijana wake wakisafiri kuliko kuona wa wengine wakija.

Wanaokwenda wapo bado. Bunge la Marekani lilianzisha mwaka 2002, baada ya mashambulio ya Septemba 2001, mpango unaoitwa YES kwa wanafunzi wa nchi zenye Waislamu wengi au jamii kubwa za Waislamu, Tanzania na Kenya zikiwamo. Binti wa Unguja anatua katika mji wenye makanisa matatu na duka moja. Familia yake mpya haijawahi kula na Mwislamu. Ramadhani ikifika, baba wa nyumba, dereva wa trekta, anaweka saa imwamshe ampashie binti daku. Anamwendesha maili arobaini wikendi kumtafutia msikiti. Hapo madai yapo tele, na yanatoka kwa mgeni. Binti huyo akirudi Unguja hana hofu ya kuwapigia, kwa sababu ameshazoea kuwaomba. Nadhani ndiyo sababu urafiki wa upande huu unaonekana kudumu kwa urahisi kidogo: mwenye nacho ndiye mwenyeji, na mgeni anaomba bila kushukiwa. Familia nyingine zimemfuata binti wao mpaka Zanzibar na kukutana na mama aliyemzaa.

Kwa upande wa kijijini, ziara ya kurudisha haitokei hivyo. Mipango mingi ya aina hii imewekewa umri: weltwärts ni miaka 18 hadi 28, ICS ilikuwa 18 hadi 25, YES ni wanafunzi wa sekondari. Umri huo unamfaa mgeni. Mama wa Lushoto ana miaka hamsini na mitano, na hakuna dirisha lililoandikwa jina lake. Mtoto wake wa Bremen akifunga ndoa na kumwalika, atapanga foleni ya kawaida ya watalii: euro 90 za ombi la viza ya Schengen, taarifa za benki za miezi kadhaa, safari ya Dar es Salaam kutoa alama za vidole. Kama aliyemkaribisha nyumbani kwake alikuwa Mmarekani, mwaka 2025 ombi lilikuwa dola 185 zisizorudishwa, na Oktoba mwaka huo Mtanzania aliwekewa sharti la dhamana ya dola 5,000 hadi 15,000 ili athibitishe kwamba atarudi nyumbani. Mtoto huyo huyo wa Kimarekani, akitaka kuja kumwona mama, atalipa dola 100 za viza na kupanda basi la Lushoto.